Muvi Bora ya Kutisha ya Wakati Wote: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kama una haraka, jibu ni hili: nunua The Exorcist ya mwaka 1973, ile ya dakika 122, isiyo na sauti ya mtafsiri juu yake. Kama una muda, kaa nikueleze sababu, na chenji ikibaki uongezee nini.

Mimi niliinunua mara mbili. Mara ya kwanza kijana wa duka la muvi aliniwekea kwenye flashi, nikafika nyumbani, nikazima taa, tukajifunika shuka hadi kidevuni. Binti kitandani anaanza kugeuka, pumzi tumezibana, mara mtafsiri anadakia: "Hapo sasa bi dada kashapandisha!" Sebule nzima kicheko. Sina ugomvi na watafsiri. Muvi ya ngumi bila wao haina chumvi, na vibanda umiza vingefungwa zamani. Lakini muvi ya kutisha inaishi kwa ukimya, na kazi ya mtafsiri ni kuujaza huo ukimya. Hawaivi chungu kimoja.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni sikio. Jaribu mwenyewe: panapotisha, fumba macho, bado utaogopa. Kisha ziba masikio na uyafumbue macho; utaona watu wamepakwa rangi nyekundu tu. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa sauti. Anayepanga kwa wingi wa damu atapata orodha nyingine, na mimi siitaki.

The Exorcist imeongozwa na William Friedkin, na inamhusu binti wa miaka 12 aliyeingiwa na pepo jijini Washington. Sauti inayotoka kinywani mwake ni ya Mercedes McCambridge, mwigizaji aliyebobea kwenye michezo ya redio, ambaye alivuta sigara na kumeza mayai mabichi ili koo likwaruze. Chumba cha binti kilipozwa kama friji, na ule mvuke unaouona vinywani mwa mapadri ni pumzi zao wenyewe. Muvi iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar, ikachukua 2, na moja ilikuwa ya sauti. Waliotoa tuzo walijua wanachokifanya.

Ila si hilo tu lililoipa nafasi ya kwanza kwangu. Kwetu pwani pepo akipanda huulizwa jina lake na anachotaka. Atataja ubani, kitambaa, pete ya fedha, pengine ngoma ya siku kadhaa. Atapewa, na maisha yataendelea, yeye na mwenye kichwa chake wakiwa wameelewana. Bibi zetu walijua kukaa na pepo kama unavyokaa na mpangaji msumbufu. Huyu wa The Exorcist hadai kitu. Unamsubiri ataje bei yake, hataji. Kwa aliyekulia karibu na ngoma ya kupunga, hapo ndipo shingo inapoanza kusisimka, kabla hata kitanda hakijatikisika.

Angalia toleo. Lile la mwaka 2000 lina dakika 132 na limerudisha vipande vilivyokatwa, kikiwemo kile cha binti kushuka ngazi kinyumenyume kama buibui. Wauzaji hulisifia kwa kuwa ni refu. Mimi naona limechomeka nyuso za shetani mahali ambapo giza lenyewe lilikuwa linatosha. Na watoto wakalale kwanza, tafadhali.

Namba mbili nampa Alien ya 1979, ya Ridley Scott. Meli ya mizigo angani, watu saba, na kitu kimoja kisichotakiwa kuwemo. Kuna kifaa kinacholia haraka zaidi kadiri kile kitu kinavyokaribia, na nakuapia utauchukia mlio huo wiki nzima. Aliye ndani ya vazi la kiumbe huyo kwenye sehemu nyingi ni mwenzetu wa Afrika, Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa akisoma London, mrefu kupita mita mbili, ambaye walimwona baa wakamwita. Ile sehemu ya kiumbe kutoboa kifua, waigizaji walijua atatoka, ila hawakuambiwa damu ingeruka kiasi gani. Mshtuko wa nyuso zao ni wa kweli. Kuwa makini na herufi moja: Aliens, yenye "s" mwishoni, ni muvi nyingine ya 1986. Ni nzuri, lakini ni ya bunduki.

Namba tatu watu watanibishia, maana Get Out ya Jordan Peele ni ya juzi tu, 2017. Nishitakini. Hakuna muvi kubwa ya kutisha ya Marekani iliyotupendelea sisi waswahili namna hii. Mwanzoni miti inapita dirishani, kwaya inanong'ona, na Wamarekani wengi ukumbini walisikia sauti za kiafrika tu. Sisi tunaelewa! Wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", kazi ya Michael Abels, na unamwonya kijana akimbie ajiokoe kabla hata hajafika kwa wakwe. (Ningekuwepo ningewaambia waseme "wasikilize wahenga", lakini onyo ni onyo.) Sisi tunaanza muvi tukijua, na tunamtazama akienda vilevile. Huyo kijana anaigizwa na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Halafu inakuja sauti ya kijiko kikizungushwa ndani ya kikombe cha chai. Hakuna panga wala mzimu, ni kijiko tu, na nyumbani kwangu mgeni akikoroga sukari polepole naomba aache. Peele alipata Oscar ya kuandika hadithi. Wenye sabufa, punguzeni besi kwenye hii, msije mkaifunika ile minong'ono.

Halloween ya 1978 iko nafasi ya nne, na ndiyo yenye mtego mkubwa kwa mnunuzi: zipo tatu zenye jina hilohilo, ya 1978, ya 2007 na ya 2018. Sema mwaka na jina la John Carpenter. Mwenyewe amesimulia kwamba alimwonyesha ofisa mmoja wa kampuni ya filamu muvi ikiwa haijatiwa muziki, na yule mama hakutishika hata kidogo. Carpenter akarudi kwenye kinanda, akaweka ule mdundo wa mapigo matano ambao baba yake alimfundisha utotoni kwa ngoma ndogo za bongo. Muvi ikageuka. Kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, sura ya nahodha wa Star Trek, ile tamthilia ya meli za angani, iliyopakwa rangi nyeupe.

Psycho ya Alfred Hitchcock, 1960, inafuata. Damu ya yule mwanamke anayeuawa bafuni ni sharubati ya chokoleti, na haijalishi kwa sababu picha ni nyeusi na nyeupe. Hitchcock alitaka sehemu hiyo isiwe na muziki. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, akaandika hata hivyo, ala za nyuzi peke yake, na bosi akakubali kushindwa. Ukiletewa yenye rangi, hiyo ni marudio ya 1998. Rudisha.

Moja usiilipie kabisa: Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Jina lilibadilishwa dakika za mwisho, alama ya hakimiliki ikasahaulika, na huko Marekani ikawa mali ya umma. Unaipakua bure, gharama yako ni bando tu. Shujaa ni mwigizaji mweusi, Duane Jones. Nakala nyingi za bure zimefifia, kwa hiyo ukitoa pesa, toa kwa ajili ya ile iliyosafishwa.

Imebaki The Shining ya Stanley Kubrick, 1980, ambayo kwangu ni ndefu kidogo kuliko woga wake. Hata hivyo chukua ya dakika 144, siyo ya 119. Faida yake kubwa iko dukani. Kabla hujalipa hela ya muvi yoyote, mwambie muuzaji afungue nakala yake ya The Shining pale mtoto anapoendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwenye korido za hoteli. Juu ya mbao magurudumu yananguruma, juu ya zulia yananyamaza, mbao tena, zulia tena. Ukisikia mbao na zulia vinatoa sauti moja, faili zake zimebanwa mno hadi sauti ikaharibika. Mshukuru, nenda duka la pili.