Peleti za bunduki ya hewa ya springi: zipi za kununua kwanza, zipi za kuacha dukani

Mwongozo huu namwandikia mtu wa Nakuru, Kisumu au Kakamega ambaye ana bunduki ya hewa ya springi, amekwisha kupata cheti chake cha silaha, na sasa amesimama mbele ya muuzaji mwenye leseni akitazama makopo ambayo kila moja linajisifu kuliko jingine. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, kwa hiyo peleti yetu, yaani kidonge kidogo cha madini kinachorushwa na bunduki hii, ina kazi moja tu, nayo ni kutoboa karatasi karibu kabisa na tundu lililotangulia. Ukilikumbuka hilo, nusu ya makopo hujiondoa yenyewe.

Kuhusu kipenyo hakuna hiari: mtutu wa milimita 4.5, ambao makoponi huandikwa .177, haupokei peleti ya milimita 5.5, yaani .22. Uzito ndio wenye maneno mengi. Huandikwa kwa greni, na greni moja ni takriban gramu 0.065.

Ukivuta kifyatuo, springi huisukuma pistoni mbele kwa kishindo, pistoni hubana hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo ndiyo huitoa peleti. Bunduki huruka nyuma kisha mbele kabla peleti haijatoka mtutuni. Peleti nyepesi mno hukimbia mapema, hewa ikakosa kubanwa vya kutosha, na pistoni ikagonga mwisho wa silinda bila mto wa kuipokea. Iliyo nzito mno hukawia, shinikizo likapanda na kuidundisha pistoni nyuma.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa peleti yenye kichwa cha mviringo na uzito wa kati: greni 7.9 hadi 8.7 kwa mtutu wa milimita 4.5, na greni 14 hadi 16 kwa ule wa 5.5. Katika kipenyo kidogo, kundi hili lina JSB Exact ya Ucheki yenye greni 8.44, H&N Field Target Trophy ya Ujerumani yenye greni 8.64, RWS Superdome yenye 8.3, na Crosman Premier ya Marekani yenye 7.9. Mimi huanza na JSB, ingawa madini yake ya risasi ni laini na hubonyea upesi. Crosman ni ngumu zaidi kwa kuwa risasi yake huchanganywa na madini ya antimoni, na kuna mitutu inayoupenda ugumu huo.

Ya pili ni peleti ya kichwa bapa, ambayo hutumiwa katika mashindano ya mita 10 na huacha tundu la duara safi, rahisi kuhesabia alama. Kwa anayelenga uani haina mpinzani, lakini ikipita mita 20 hivi huanza kuyumba, na ndiyo maana sikuipa nafasi ya kwanza. Ya tatu ni ya mviringo iliyo nzito, kama greni 10.5 katika milimita 4.5, ambayo inafaa bunduki zenye nguvu tu.

Zenye ncha kali na zenye tundu kichwani nimeziweka chini kabisa, kwa kuwa zimeundwa kwa ajili ya uwindaji tusioruhusiwa na mara nyingi hazina usahihi wa zile za mviringo. Za aloi nyepesi zisizo na madini ya risasi husifiwa kwa mwendo wao, na mwendo huo ndio unaoiumiza pistoni. Gololi za chuma usizitie kabisa katika mtutu wenye mifereji ndani, zitaikwaruza.

Mkazi wa Nakuru ana jambo moja la ziada. Mji huo uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu uko karibu mita 1,130, na hewa nyembamba ya juu huipa silinda kitu kidogo zaidi cha kubana. Bunduki iliyorekebishwa shabaha Kisumu irekebishwe upya ikifika Nakuru, na peleti nyepesi mno huko juu ni kosa kubwa zaidi.

Baada ya kusoma haya yote, bado mtutu wako ndio utakaoamua. Nunua kopo moja moja la aina mbili au tatu, piga peleti ishirini za kwanza bila kuhesabu ili mtutu uizoee risasi mpya, kisha piga makundi ya tano tano kutoka mita 20. Kundi la matundu linalofunikwa na sarafu ya shilingi kumi linatosha kabisa.

Niliwahi kununua kopo la bei rahisi, nikalibeba kwenye pikipiki hadi Njoro. Nilipolifungua, kila peleti ya tatu au ya nne ilikuwa na sketi, yaani ukingo wake wa nyuma, iliyobonyea, na nyingine ziliteleza mtutuni bila kidole gumba kuhisi ukinzani wowote, kumbe hata vichwa vyake havikulingana. Tangu siku hiyo huziviringisha juu ya kioo kabla ya kuzitumia, inayochechemea naitenga. Kwa kuwa ni madini ya risasi, sizitii mdomoni, nami hunawa mikono kabla ya kula. Nikipata kopo linalokubaliana na mtutu, hurudi dukani mapema nikaomba mengine mawili yenye nambari ileile ya toleo, kwa sababu toleo linalofuata linaweza kuwa na kichwa cha kipenyo tofauti kidogo.