Honda ya tairi tatu ya 1982 imenoki injini, ninunue au nipotezee?

Wakuu kwema? Hii ni kwa wagonjwa wenzangu wa vyuma chakavu. Wiki tatu nyuma shemeji kanirushia picha ya Honda ATC 200 ya 1982, iko kwenye banda la mkulima mmoja huku nje ya Louisville, Kentucky, nyekundu imepauka mpaka inaelekea pinki, kiti kimechanika na kuku ameshageuza kile kiti kiota, bei dola 450, na maelezo maneno mawili tu, inahitaji injini. Mimi kabla sijaja huku nilikuwa fundi bodaboda pale Msamvu, Morogoro, sasa ukimwambia fundi wa Msamvu kuna kitu kinahitaji injini ni kama umemwambia kuna pilau mahali.

Kwa asiyeijua, hii sio guta wala bajaji. Ni pikipiki ya porini, tairi moja mbele mbili nyuma, zote nene kama zimevimba, unakaa juu kama umepanda punda. Honda ndio walianza kuziuza Marekani 1970 na kale kadogo ka cc 89, miaka ya themanini Yamaha, Kawasaki na Suzuki nao wakaingia, zikawa kila shamba, watu wanabebea nyasi, wanawindia, watoto wanachezea. Halafu watu wakaanza kuumia sana, wengi wao watoto, mpaka kampuni zikakubaliana na serikali kusitisha kuuza mpya, makubaliano ya mahakamani ni ya 1988. Kwa hiyo yoyote utakayoikuta kutoka kwa hawa wakubwa ina karibu miaka arobaini na kuendelea, usidanganywe na rangi mpya.

Na sababu ya watu kuumia unaielewa ukiipanda mara moja tu. Nyuma hakuna difu, ile inayoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, ekseli ni chuma kimoja, tairi zote mbili zinazunguka sawa, kwahiyo ukikata kona yenyewe inataka kwenda mbele moja kwa moja mpaka uihamishie mwili wako wote upande mmoja na kuibembeleza na mkono wa mafuta. Sisi wa pikipiki tuna tabia mbaya, ukiyumba unashusha mguu. Hapa ukishusha mguu tairi la nyuma linaupanda huo mguu na kukuvuta chini. Mimi niliwahi kujaribu ya jirani mwaka jana, dakika tano tu, nikashuka natetemeka na nimebaki na kiatu kimoja.

Hiyo ATC 200 haina shokapu mbele wala nyuma, shokapu ni tairi lenyewe. Upepo wake ni psi 2.2 (psi ndio kipimo cha upepo wa tairi), sijakosea, mbili nukta mbili, wakati boda unaijaza thelathini huko. Geji yako ya kawaida haitasoma chochote hapo, inabidi ya kwake maalum. Nimesema hili mapema kwasababu mtu anaweza kununua, akajaza kama amezoea, akarushwa kwenye kijiti akafikiri mashine ni mbovu.

Sasa nikaenda Jumapili na rafiki yangu mmoja mtu wa Bukavu. Mzee mwenye mali mkarimu sana, katuachia tukague tunavyotaka. Injini yake ni silinda moja, inapozwa na upepo, pistoni milimita 65, kuwasha unavuta kamba kama jenereta. Nikavuta. Ikatoka robo ikagoma, tii, kama imegonga ukuta. Nikarudisha nikavuta tena, palepale. Jamaa yangu akatikisa kichwa, "Ndugu, iyi motere ilishakufa." Nikaomba ruhusa nifungue nati ya oili chini, ikatoka nyeusi, nene, halafu kwenye jua ikaanza kumetameta kama mikono ya bibi harusi. Hiyo ni aluminiamu wakuu. Kuna pistoni humo ndani imesagika.

Wengi hapa ndio wanaamua, wengine wanakimbia na wengine wanapiga simu kutafuta injini. Mimi nasema injini ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye huo mkokoteni, muuzaji ameshakwambia imekufa, bei imeshushwa kwa ajili yake, hakuna siri tena. Siri ziko kwengine, na huko hakuna aliyekutangazia. Kwahiyo nikaisahau injini kabisa, nikalala chini.

Tukainua nyuma tukaweka gogo, nikashika tairi juu na chini nikatikisa. Beringi za ekseli zina mchezo kidogo, sio mbaya, beringi ni beringi unapata. Nikashika haba, kile kikombe kinachoshikilia tairi kwenye ekseli, nikazungusha mbele nyuma, hapo ndio nilikuwa na hofu, maana meno ya kwenye ekseli yakilika basi ekseli nzima ni ya kutupa na ya kuipata nzuri ni kazi. Yalikuwa mazima, nikashukuru Mungu kimyakimya ili mzee asisikie. Nikapiga tochi kwenye fremu, pale panapokaa vikanyagio pana nyufa na upande wa kushoto mtu ameshachomelea zamani, welding ya kienyeji, imevimba kama kinyesi cha ng'ombe. Inarekebishika, lakini ni lazima kukata na kuanza upya. Ndani ya tenki kutu, ukitikisa inalia kayamba. Madigadi ya nyuma yamepasuka, na haya ya plastiki ya kale ukiyakuta mazima yana bei ya dhahabu. Namba ya fremu inasomeka vizuri, haijakwaruzwa, hiyo angalia kabla ya kitu chochote.

Wazo la kwanza la kifundi chetu lilikuwa nifunge injini ya CG. Mnaijua, ile ambayo Honda waliitoa 1976 na Wachina wakainakili mpaka boda nyingi za kwetu zinatembelea kizazi chake, haina cheni ya taimingi, inavumilia oili chafu na dharau. Mpya ya cc 150 niliiona mtandaoni kwa dola mia tatu na kitu. Lakini ukipima vizuri, vishikio havikai, itabidi ukate fremu ambayo tayari ina majeraha, cheni uinyooshe upya, kamba ya kuvuta haipo, na hii ya ATC klachi yake inajikamata yenyewe, gia tano unakanyaga tu kama zile Honda 50 za mapadri, ukiweka CG unaongeza mkono wa klachi. Mwisho wa siku unakuwa na kitu ambacho sio Honda wala sio boda, na siku ukiuza hakuna anayekitaka. Nikaliacha.

Injini nzima iliyotumika kuna mtu aliniambia dola 500, hajui ina hali gani, hana video ikiunguruma. Sasa kama hujui ina hali gani si ni ileile ya kwangu tu ila imepanda bei.

Nikamwambia mzee 180, nikamwonyesha nyufa. Akacheka, akasema hapana. Tukanywa nae chai yao ile ya barafu, tukaondoka. Alhamisi kapiga simu, 200 uje uichukue kuku wamepata kiota kingine. Mama watoto nilipomwambia alisema kitu kimoja, "Ilete uone."

Nimeileta. Nimefungua, pistoni imevunjika chini na kipande kimejibana, bloku limechubuka mistari ndani ila kuna nyama ya kutosha kubori, yaani kupanua tundu la pistoni, nusu milimita. Kon rodi, mkono unaounga pistoni na krenki, ina mchezo wa juu chini kwahiyo kubadili krenki lazima, hiyo ndio imeniuma. Kwa anayeuliza bei, mpaka naandika hapa nimeshatoa 200 ya mashine, 90 ya krenki iliyotumika kutoka kwa mtu wa Ohio, na pistoni na ringi zake na gasketi 75, kuchomelea nafanya mwenyewe. Kama wewe ungemlipa fundi wa huku kwa saa, achana nayo, nunua inayotembea. Na kama unamnunulia mtoto, achana nayo hata kama inatembea, wa kwangu ana miaka saba na nimeshamwambia hii ni ya baba.

Ila kila jioni namkuta gereji ameikalia, anavuta ile kamba ambayo haina kitu upande wa pili, halafu ananguruma kwa mdomo.