Oili ya Injini ya Boti Kabla ya Kusi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kusi ikianza kuvuma kwa nguvu baada ya masika, wenye boti ndogo za matembezi, kuanzia Kilifi hadi Msasani, huzipandisha nchi kavu hadi bahari itulie. Wengi hungoja siku ya kuzirudisha majini ndipo wabadilishe oili, na hilo ni kosa, kwa kuwa oili iliyotumika hubaki na unyevu na asidi zitokanazo na kuungua kwa petroli, na injini ikilala nayo miezi mitatu, vyuma vya ndani huanza kuliwa polepole.

Kwa injini ya mapigo manne, naiweka mbele oili yoyote ya baharini yenye alama ya FC-W. Alama hiyo hutolewa na NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, baada ya oili kupimwa, pamoja na mambo mengine, jinsi inavyozuia kutu. Uzito wa oili, yaani jinsi inavyotiririka, ufuate kitabu cha injini yenyewe: Suzuki hupendekeza 10W-40, ilhali Mercury hutaja 25W-40 kwa injini zake nyingi. Ya pili ni chupa yenye jina la mtengenezaji wa injini, ambayo haina kasoro ila bei, na ambayo ningeinunua bila kusita iwapo injini bado ina garanti. Ya tatu ni sinthetiki kamili. Ni oili nzuri sana, lakini kanuni ya kawaida ni kubadilisha kila baada ya saa 100 au mara moja kwa mwaka, na mtu anayetembea na boti Jumapili mojamoja ataimwaga ingali na nguvu. Ya mwisho ni oili ya gari. Injini itazunguka nayo, sikatai, ila haikupimwa kwa mazingira ya chumvi.

Wenye injini za mapigo mawili, kama Yamaha Enduro iliyojaa pwani yetu, hawana haja ya orodha: wanunue tu oili yenye alama ya TC-W3, iliyokusudiwa injini za mapigo mawili zinazopozwa kwa maji, katika chupa iliyofungwa kiwandani. Oili ya pikipiki imekusudiwa injini ya moto zaidi inayopozwa kwa hewa, na mara nyingi huacha majivu. Mimi niliwahi kununua oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, ikamiminwa katika chupa ya maji ya kunywa, na nikajiona mjanja kwa bei yake. Injini ilizima katikati ya mkondo huku bahari ikipwa. Plagi nilipoifungua ilikuwa nyeusi na imelowa, nasi tukarudi kwa kafi.

Pamoja na oili ya injini, nunua filta, oili ya gia na washa mpya, yaani pete za kuziba, za skrubu mbili za sanduku la gia. Oili ya gia huingizwa kwa tundu la chini hadi ichomoze kwenye tundu la juu, ili hewa isinaswe ndani. Kabla ya hapo, ile ya zamani inapoanza kutoka, kinga matone ya kwanza kwa kidole. Yakiwa na rangi ya tui, maji yameshapenya, na fedha ya kwanza iende kwenye sili ya mhimili wa rafadha, kwa maana oili mpya utakayotia itageuka hivyo hivyo.