Waya wa niobi-titani ama niobi-bati, upi mkali?

Barazani hapa Malindi vijana wa fizikia hawaishi kubishana hili, haya tuupange. Zote mbili ni nyaya za kusokota koili za sumaku kali, zikipozwa sana zapitisha umeme bila ukinzani; ya kwanza tuiite titani, ya pili bati.

Kwa bei na kufanyika kazi, titani inashinda wazi. Aloi yake yavutika bila kukatika, na huko kuvutwa pamoja na kupashwa moto ndiko kunakoacha ndani vipande vya titani vyembamba vya nanomita chache tu, ndivyo vinavyobana vijinyuzi vya usumaku vinavyopenya kwenye waya, maana vikianza kutembea ukinzani unarudi na kazi imeharibika. Wengi wadhani vipande hivyo vya nano vinapandisha na ile halijoto ya ukinzani kupotea, hapana bwana, inabaki pale pale karibu kelvini 9 (kelvini ni kipimo cha halijoto, sifuri yake ndiyo baridi ya mwisho kabisa), kinachopanda ni wingi wa umeme ambao waya waweza kubeba bila ukinzani.

Bati yafika kelvini 18 na yahimili sumaku kali zaidi, hapo inayobana vile vijinyuzi ni mipaka ya punje, yaani fuwele ndogo ndogo zinazounda waya, kwa hivyo punje zikiwa ndogo ndio raha. Ila yavunjika ovyo! Kawaida unasokota koili kwanza halafu ndio uoke nyuzi 650 za Selsiasi hivi, kwa masaa na masaa.

Kwa kawaida zote zataka kupozwa kwa heliamu ya baridi kali. MRI ya hospitali, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, titani yatosha. Wapita tesla 10, kipimo cha ukali wa sumaku? Bati, na mfuko uwe mzito.