Wameugeuza mlango masizi, kisha wananambia picha yangu ndiyo mbovu

Jina la programu silitaji, sina nguvu za kubishana na mawakili wa watu. Ni moja katika zile zinazokaa ndani ya Photoshop, unailipia kwa mwezi, na ahadi yake ni hii: ipe renda, yaani picha ya nyumba iliyotolewa na kompyuta, bofya mara moja, upokee mchoro wa penseli utadhani umechorwa na mkono wa mtu. Mimi ni mchora ramani, kazi zangu nyingi ni nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nimelipa, nimeitumia, na nimeghadhibika khasa.

Asiyejua kazi hii atauliza penseli ya nini wakati kompyuta inatoa picha safi kama ya kamera. Tatizo ni huo usafi. Mteja akiona vigae vinang'aa na jua la alasiri linaingia dirishani, kwake yeye nyumba ishamalizwa. Basi ama anaikataa yote kwa sababu ya rangi ya pazia, ama ananyamaza, na fundi akishabomoa ukuta ndipo anapokumbuka kuwa alitaka choo upande wa pili. Mchoro wa penseli unamwambia bado tunazungumza. Ile michoro ya vipimo ni ya kupeleka ofisini kuombea kibali. Huu wa penseli ni wa kukaa nao barazani na wenye nyumba.

Sasa nyumba yenyewe ipo Malindi, mtaa wa hapa hapa Mji Mkongwe, ya familia, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, na mlango. Mlango ndio kila kitu pale. Miimo imechongwa mnyororo kutoka chini mpaka juu, mfaa, ule mti wa katikati, umejaa maua, na mbao zake zina vifundo vya shaba. Nilikesha kuutengeneza ndani ya modeli, jani kwa jani. Nikatoa renda, nikaipa hiyo programu, nikabofya.

Yakhe! Mlango umekuwa doa jeusi, kama ukuta wa jiko la kuni. Mnyororo hauonekani, maua hayaonekani, vifundo vya shaba vimekuwa vitobo vyeupe. Na ule ukuta wa chokaa uliobanduka kidogo, ambao ndio uzuri wake, umejaa mikwaruzo utadhani paka wamepigana juu yake usiku kucha. Nikashusha mkazo wa mistari, mlango ukapotea kabisa. Nikaupandisha, masizi yakarudi. Katikati ya hapo hamna kitu.

Nikawaandikia kwa adabu, na picha nikawaambatishia. Jibu lilikuja upesi, hilo nawapa: tatizo ni picha yako, tafadhali tumia picha yenye mapambo machache. Basi. Hapana pole, hapana tutaangalia. Mapambo machache! Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na milango hii ndiyo wageni wanayoipiga picha asubuhi mpaka jioni, halafu nimwambie nani apunguze mapambo? Fundi aliyekwishakufa zamani?

Kilichoniuma zaidi ni kuwa najua kilichomo ndani ya hilo boksi lao. Wengi wetu tulifanya kwa mkono kabla ya kuuziwa. Unaiondoa picha rangi, ibaki kijivu. Unainakili tabaka la pili juu yake, unaligeuza liwe kama negativu, unaliweka kwenye modi ya doji (Color Dodge), ile inayong'arisha kilicho chini yake, picha nzima inakuwa nyeupe. Halafu unalitia ukungu lile la juu kwa filta ya Gaussian, na mistari inaanza kujitokeza. Penye rangi moja panabaki peupe, penye mwanga na kiza kukutana panatoka mstari. GIMP, programu nyingine ya picha, inafanya yote haya na haikudai hata shilingi. Lakini filta haijui mlango wala doa la unyevu, inachokijua ni kiza na mwanga tu. Mlango wa kuchongwa ni kiza na mwanga kila pahala, ndiyo maana ukatoka masizi. Ipe yale mabloku ya Michenzani tuliyojengewa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, kuta tupu na madirisha yaliyopangana, uone itakavyong'ara. Hiyo ndiyo nyumba wanayoijua wao.

Dawa ni kutoitegemea filta ikubunie mistari. Toa mistari peke yake kutoka SketchUp, programu ya kutengenezea modeli za nyumba, mle ndani unaweza hata kuifanya ipitilize pembeni kidogo kama ya mkono, uilaze juu ya renda kwa modi ya maltiplai (Multiply), nyeupe ipotee ibaki mistari, na filta ibaki na kazi ya vivuli. Mlango niliuchora mwenyewe kwa kalamu, nikauskani, nikaubandika.

Lakini kabla sijaubandika, bibi mwenye nyumba alishauona ule mchoro wa penseli wenye masizi kwenye simu ya mjukuu wake. Akanambia, "Mwanangu, hii nzuri. Ile picha ya mwanzo, inayong'aa, ulinifanyia hoteli. Sasa naiona nyumba yangu. Ila mlango mmeutia moto?" Nikamwambia, "Hapana Bi Mkubwa, ni mashine." Akacheka, kisha akashika kidole pale pale kwenye skrini: baraza aitaka irefushwe mpaka pembeni, na ngazi igeuzwe. Kwenye ile renda inayong'aa hakusema neno hata moja. Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi, na mambo tuliyoyamaliza yangenichukua wiki.

Kwa hiyo nikasema, kwa haki ya Mungu, niwape nyota tatu. Miti inaitoa vizuri, na mawingu, na watu waliokaa barazani wanatoka wazuri kuliko ninavyochora mimi. Nne, labda.

Usiku ule ikaja barua yao ya pili. Wananiuliza nimeridhika kiasi gani na huduma niliyopewa, na chini yake wananipa nafasi ya kupandisha malipo niende daraja la juu, ambalo, wanasema, lina mistari mizuri zaidi kwa picha zenye mapambo mengi.

Kumbe walijua! Nyota moja, na hiyo ni ya miti. Ya mwezi huu nimeshalipa, siwaachii bure, nitaitumia kwa minazi na mawingu mpaka siku ya mwisho. Mwenye nyumba ya bloku tupu anunue, itamfaa. Mwenye mlango atafute kalamu.