Nangwanda Sijaona: kaa upande wenye jua mgongoni

Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini, haupendwi kwa majengo yake. Ni uwanja wa mkoa wa zama zile: jukwaa kuu lenye paa, mzunguko wa wazi, ukuta, basi. Aliyezoea Benjamin Mkapa atanuna. Anayetaka kuonja mpira wa kusini na kuuona mji kwa safari moja hatajuta, mradi apange saa zake.

Jina ni la Lawi Nangwanda Sijaona, waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU. Makelele ya uwanja yaliletwa na Ndanda, Wanakuchele, waliocheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 hadi waliposhuka 2019/20. Mgeni asichanganye: Ndanda yenyewe ni mji wa misheni huko Masasi, ila maskani ya timu ni hapa.

Mechi nyingi huanza saa 10 jioni. Saa hiyo jua bado kali na limeshainamia magharibi, hivyo aliyekaa mashariki ya uwanja hulitazama usoni mpaka kipindi cha pili. Ukiwa na tiketi ya mzunguko, usikimbilie nafasi ya kwanza unayoiona: angalia kivuli chako kinalala wapi, kisha zunguka ukae jua likiwa mgongoni. Kofia inafaa kuliko mwavuli, maana mwavuli utaamriwa kuufunga na waliokaa nyuma yako. Mwenye watoto au wazee aongeze pesa aende jukwaa kuu. Ikija Simba au Yanga, uwe ndani kabla ya saa 8.

Kiwango cha mpira hutegemea majira. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Udongo wa pwani ni wa kichanga, hunywa maji upesi na kuyapoteza chini, ndiyo maana ikifika Julai nyasi zisizomwagiliwa hukatika, hasa golini na katikati, pale miguu inapokanyaga zaidi. Hapo mpira hudunda ovyo, pasi ya chini humponyoka mpokeaji, na hata timu ya pasi fupi huishia kupiga mipira mirefu. Usiilaumu haraka.

Kabla ya kuingia, tafuta ming'oko. Ni mizizi ya porini inayochemshwa. Menya ganda, chovya kwenye chumvi na pilipili. Korosho za kukaanga zipo. Mwonekano mweupe usikudanganye, onja moja kwanza: iliyolala hupoteza ukakamavu na kutafunika kama karatasi.

Asubuhi ya mechi iwe ya Mikindani, kilomita 10 hivi kwa barabara ya Lindi, daladala zipo. Boma la Wajerumani lilijengwa 1895, na ni bandari hiyo ambayo David Livingstone aliianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Saa 2 au 3 zinatosha. Ukirudi, pita kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, uone kuta zilizojazwa michoro ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini. Kwetu hiki ndicho kivutio kinachopitwa na wengi bila sababu.

Msangamkuu ni ng'ambo tu kwa kivuko, lakini ulizia safari ya mwisho kabla hujavuka. Msimbati usiichanganye na siku ya mechi: ni zaidi ya kilomita 40, mchanga hunasa gari dogo, na iko ndani ya hifadhi ya bahari yenye kiingilio chake.

Mji wenyewe umetawanyika, barabara pana na mitaa iko mbalimbali, kwa hiyo bodaboda au bajaji utaihitaji. Patana nauli kabla ya kupanda, hasa mechi ikiisha.

Kutoka Dar ni kilomita 560 hivi, lami yote, siku nzima ndani ya basi. Wakati wa masika njoo siku 2 kabla: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii upande wa Somanga. Kutoka Lindi ni saa 2 kupitia Mnazi Mmoja. Tiketi ya kurudi ikate kabla ya mechi, kwani mabasi ya Dar huondoka alfajiri na siti za mbele huwahiwa.