Saa nyeusi na saa za rangi ya dhahabu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko makubwa kuhusu saa za bei mbaya hapa Kampala mara nyingi hayahusu mashine. Mashine ya Uswisi au ya Japani inatembea vizuri tu. Kinachomuudhi mwenye saa ni rangi: ilikuwa nyeusi tii, sasa pembe za kasha zimetoka weupe, ilikuwa ya dhahabu, sasa kifungo cha mkanda kimechubuka upande ule unaosugua meza ya ofisi. Akiipeleka kwa fundi aipige polishi, fundi anakataa, na ana haki ya kukataa. Rangi ile ikiguswa na mashine ya polishi, hata iliyobaki itaondoka.

Kwa hiyo hapa sipangi saa kwa jina la kampuni. Nazipanga kwa swali moja: rangi unayoilipia imo ndani ya chuma, au imelazwa juu yake?

Utapokwenda kununua utasikia herufi mbili tatu. PVD ni njia ya kupaka: kasha huwekwa ndani ya chemba iliyoondolewa hewa, mvuke wa madini unatua juu yake na kushika. DLC ni utando wa kaboni wenye ugumu unaoelekea almasi. Tando hizi kwa kawaida ni za mikroni chache tu, na unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Muuzaji atakuambia utando ni mgumu sana, na hakudanganyi. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, chuma cha pua cha 316L kiko karibu 200, na DLC inapita 1,000 kwa mbali. Tatizo liko chini yake. Ni ganda la yai lililolazwa juu ya posho, yaani ugali: ganda lenyewe gumu, lakini ukigonga, posho inabonyea na ganda linapasuka. Mkwaruzo mdogo hauidhuru DLC. Kugonga fremu ya mlango au chuma cha bodaboda kunaidhuru.

Nafasi ya kwanza: chuma kisichopakwa kitu

Najua si jibu la kusisimua. Lakini 316L tupu, au titani tupu, ndiyo saa inayofaa maisha ya huku. Vumbi letu la murram lina chembe za kwatsi, ngumu kuliko chuma cha pua, na litaichora saa yako utake usitake. Anayetawadha mara tano kwa siku anaivua na kuitia mfukoni pamoja na funguo. Chuma tupu kikichorwa, fundi anayejua kazi anakirudisha. Titani inamtaka mwangalifu zaidi, lakini inarudi. Hakuna rangi ya kupotea.

Ya pili: rangi iliyo mwilini mwote

Ukitaka nyeusi na mfuko unaruhusu, nunua seramiki, yaani kauri ngumu. Rado na IWC wanaitumia kwenye saa zao tangu 1986. Tudor walitoa Black Bay Dark, chuma kilichopakwa PVD nyeusi, mwaka 2016; mwaka 2021 wakatoa Black Bay Ceramic, ambayo kasha lake ni jeusi hadi ndani. Kati ya hizo mbili mimi sifikirii mara mbili. Ubaya wa seramiki ni kwamba haibonyei, inavunjika. Ikianguka kwenye vigae vya bafuni, kasha jipya linaagizwa nje, na juu ya bei yake uongeze ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

Kwa dhahabu, kundi hili ni dhahabu yenyewe, au mchanganyiko wa chuma na vipande vya dhahabu halisi. Rolex wanauita mchanganyiko wao Rolesor, jina walilolisajili mwaka 1933. Ni ghali, lakini ukiipiga polishi, chini ya dhahabu kuna dhahabu.

Ya tatu: utando juu ya chuma kilichokazwa kwanza

Hapa kuna werevu. Sinn ya Ujerumani huukaza uso wa chuma hadi Vickers 1,200 kabla ya kuweka weusi, kwa hiyo ganda lina sakafu ya kuegemea. Citizen nao wana teknolojia ya kukaza uso, Duratect, kwenye titani yao. Kwa mtu anayetaka saa nyeusi ya kazi bila bei ya seramiki, ningemwelekeza hapa.

Ya nne na ya mwisho

DLC au PVD nyeusi juu ya chuma cha kawaida: nunua ukijua pembe zitaanza kung'aa. Wapo wanaoupenda uzee huo.

PVD ya dhahabu, hasa ile ya rangi ya waridi, naiweka mkiani kwa saa ya kila siku. Inapendeza sana kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, juu ya kanzu na koti, na kwa kuvaa mara chache itakaa miaka. Nyeusi ikichubuka husemekana ni saa ya mwanamume wa kazi. Dhahabu ikichubuka watu wanasema feki, hata kama ni halali kabisa. Saa kuukuu za Uswisi zilizochovywa dhahabu zilikuwa zikigongwa nyuma maandishi ya mikroni 20. Ukiiona ya namna hiyo, yenye pembe kali bado, ina dhahabu nene kuliko nyingi za kisasa.

Rolex nyeusi ya kupakwa usinunue kabisa. Kiwanda hakiuzi Submariner wala Daytona yenye kasha la kupakwa nyeusi. Ukiiona, imepakwa na mtu mwingine, na dhamana ya kiwanda imekwisha. Rolex wenyewe wanatumia PVD, lakini angalia wanaiweka wapi: ndani ya tarakimu zilizochimbwa kwenye pete ya seramiki inayozunguka kioo, mahali ambapo hakuna kinachosugua.

Kioo nacho kina utando wake, wa kuzuia mng'ao. Kioo cha yakuti (sapphire) ni kigumu, murram haikichori, lakini utando huo ukiwa upande wa nje unachorwa, na utadhani kioo chenyewe kimeharibika. Igeuze saa chini ya taa: mng'ao ukiwa wa buluu au zambarau, utando upo. Uliza uko upande gani, na chagua wa ndani tu.

Dukani washa tochi ya simu. Tazama ncha za kasha panaposhika mkanda, kifungo kwa chini, na katikati ya vipingili vya mkanda. Hapo rangi hutoka kwanza, hata kwenye saa inayoitwa mpya. Geuza usome nyuma: STAINLESS STEEL BACK maana yake kifuniko pekee ndicho chuma cha pua, na kasha huenda ni shaba iliyochovywa.

Dhamana nyingi hazihesabu kuchakaa kwa rangi. Basi mwambie muuzaji aandike kwenye risiti aina ya kasha na aina ya utando. Sheria ya Uganda ya 2017 ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilingane na maelezo kiliyouziwa, na maelezo ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Akikataa kuandika, mrudishie saa yake.